Mguu wa Shangazi Loise

Nairobi,
6 Juni 2024

Shangazi Loise mpendwa,

Pokea salamu zetu. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya mwezi huu imemfanya mke wangu Joy avae soksi mbili mbili hata akiwa jikoni. Baba alipiga simu Jumapili kutoka Ndera. Anasema maji ya mafuriko yameanza kurudi mtoni, na amepanda mahindi upya kwenye tope. Mama amepona kikohozi. Kila akipiga, Baba ananiuliza, "Loise yuko wapi hasa?" Nami namjibu kwamba uko Garsen kwa rafiki yako Dahabo, kama ulivyotuambia siku ulipotoka hospitali Malindi.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike. Ndani ya kifurushi hiki kuna simu, nayo ni yako. Unajua kazi yangu ni kutengeneza programu za simu. Tangu mwaka jana mimi na mwenzangu Ikhlas tumekuwa tukitengeneza moja inayoitwa Nyoosha. Ni ya watu waliovunjika au waliopasuliwa mifupa, ambao hospitali iko mbali na hawawezi kwenda kila wiki kufanyishwa mazoezi. Ulipoteleza ukikimbia maji pale Idsowe ukavunjika paja, mimi nilikaa huku nikiwa sina la kukusaidia. Hiki angalau nakiweza.

Daktari aliyekutia chuma alionya kwamba mguu ukilazwa tu, goti litakakamaa. Basi ukiwasha simu, bonyeza picha ya mguu. Atatokea msichana akuonyeshe la kufanya, na sauti itakuelekeza. Ukimaliza itakuuliza unajisikiaje. Mahali itakapokusumbua, nieleze bila haya. Septemba kuna hospitali kubwa inataka kuiona, na ningefurahi kuwaambia kwamba shangazi yangu ameshapona nayo.

Najua hupendi kuongea habari za mwili wako kwa simu mbele za watu, ndiyo maana nimekuwekea bahasha na karatasi.

Mwanao,
Jasper


Garsen,
25 Juni 2024

Mwanangu Jasper,

Bwana asifiwe. Mimi ni mzima, na natumaini barua hii itakukuta wewe na Joy mkiwa wazima. Mwambie Joy soksi si ugonjwa, avae hata tatu. Dahabo anawasalimu. Ng'ombe wake wawili walichukuliwa na maji lakini mmoja aliyebaki amezaa, kwa hiyo ameanza tena kuuza maziwa sokoni, na asubuhi ananiletea kikombe kabla hajaenda. Kanisa letu lilijaa tope mpaka madirishani. Tumesali nje Jumapili mbili na mahubiri yamekuwa mafupi, jambo ambalo wengi hawajalilalamikia. Hoteli yangu pale stendi bado imefungwa. Ufunguo anao Dahabo, na meza zangu ziko salama.

Simu imefika bila mkwaruzo. Asante sana. Programu yenu ni nzuri. Yule msichana ana viungo vyepesi, Mungu amtunzie. Rangi zake zinapendeza, na sauti ni ya mtu mwenye adabu.

Mwambie baba yako nipo mahali pakavu, pana watu, sina upweke. Asijisumbue kuja.

Nakushukuru kwa kunikumbuka. Hapa karatasi imeisha.

Shangazi yako,
Loise


Nairobi,
20 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

Nimefurahi kupata mwandiko wako. Joy amecheka habari ya soksi, na bado anavaa mbili. Baba amepalilia mahindi. Mama anauliza kama ile leso aliyokupelekea hospitali ilikufaa.

Umeisifu programu, nami nashukuru, lakini sifa hazinisaidii kuitengeneza. Ni zoezi gani gumu kwako? Lile la kukunja goti ukiwa umelala, au lile la kusimama nyuma ya kiti? Maandishi unayaona bila kukaza macho? Chaji unaipata wapi? Nauliza tu. Ikhlas naye anauliza. Yeye ndiye aliyeichora, na huwa hatulii mpaka asikie ubaya wake.

Na goti lenyewe je? Hukuniandikia neno hata moja juu yake.

Mwanao,
Jasper


Garsen,
29 Agosti 2024

Mwanangu Jasper,

Salamu. Nisamehe kwa kuchelewa, kulikuwa na shughuli. Sote tu wazima. Leso ilinifaa, mwambie mama yako nimeipenda.

Goti linaendelea. Mazoezi nayafanya vizuri. Maandishi nayaona.

Shangazi yako,
Loise


Nairobi,
7 Septemba 2024

Shangazi,

Natumaini uko salama. Huku ni wazima, na Baba ameanza kula mahindi mabichi ya shamba lake.

Nimekaa na barua yako siku kadhaa nikijiuliza niandike nini. Afadhali niseme. Simu ile inatuletea habari. Kila mtu anapoifungua Nyoosha, sisi huku tunaona kwamba ameifungua, na tunaona alichobonyeza. Wewe uliifungua ile wiki ya kwanza. Kila ilipokuuliza unajisikiaje ulibonyeza uso unaocheka. Kisha ukaacha, na tangu hapo haijafunguliwa. Nilijua hayo tangu Julai. Ndiyo maana nilikuuliza maswali yale kwa kuzunguka, badala ya kukuuliza wazi.

Najua nimekosea kutokwambia mapema. Lakini nawe, Shangazi, umeniandikia kwamba unafanya mazoezi. Mkutano wa hospitali ni mwisho wa mwezi na wenzangu wanataka niwaambie imekufaa. Siwezi. Na hata mkutano usingekuwepo, kuna goti lako. Niambie kuna nini.

Jasper


Garsen,
19 Septemba 2024

Jasper,

Salamu kwenu.

Kwa hiyo miezi miwili umenitazama kupitia simu, halafu unaniandikia habari za soksi. Mimi nimekulea, nimekuogesha kwenye karai, lakini mimi ni mwanamke mzima, na mtu anayetaka kuchungulia ndani kwangu hubisha hodi kwanza. Dahabo nilipomsomea barua yako alisema, "Kijana ana makosa." Kisha akanywa chai yake akaongeza, "Na wewe pia, Loise." Ndiyo sababu ya jibu hili.

Mimi siko kwa Dahabo. Nyumba yake ina vyumba viwili na wajukuu wamejaa. Niko kwenye hema, pale palipoinuka tulipohamishiwa sisi wa Idsowe. Dahabo huja asubuhi na jioni. Baba yako akijua atanichukua anipeleke Ndera nikae kwenye kitanda cha wageni, na mama yako, ambaye ni mtu mwema, atanipikia mpaka nisahau kupika. Nikiondoka Garsen na mguu ulivyo hivi, sitarudi. Mahali pangu pale stendi patachukuliwa na mtu mwenye miguu miwili. Ndiyo maana nilinyamaza.

Sasa nikueleze ile siku ya kwanza. Niliketi kwenye mkeka, Dahabo akashika simu. Sauti ikasema, "Simama nyuma ya kiti, karibu na ukuta."

"Ukuta gani?" Dahabo akaniuliza.

"Sijui. Mwambie hakuna ukuta."

"Hasikii."

"Kama hasikii, tutafanya nini sasa?"

Nikashika mti wa hema. Hema lote likatikisika, jirani akatoka nje akidhani ni upepo. Kiti hatukuwa nacho, nilikuwa na kreti ya soda niliyoitoa hotelini. Msichana wenu yuko chumbani kwenye sakafu inayong'aa, amevaa suruali ya kubana. Mimi nikilala chali kuinua mguu, lazima kwanza Dahabo afunge pazia na kunibana leso, maana watu wanapita.

Mwisho simu ikauliza, "Leo unajisikiaje?" na kuonyesha nyuso. Nikabonyeza inayocheka. Jasper, ulitaka nibonyeze ipi? Mtu akikuuliza habari unamjibu nzuri. Maradhi yanakuja baadaye, mkishaketi, kama ana muda. Hicho kisimu hakikuketi. Kikasema hongera, na kesho yake kikanipa zoezi gumu zaidi. Nikalifanya, nikajibu nzuri, kikaongeza. Siku ya mwisho niliinua mguu nikasikia kitu kikilia ndani ya paja, kama ukuni mbichi ukikunjwa. Nikajua chuma kimetoka mahali pake.

Sikumwambia mtu, hata Dahabo. Ningesema, ningerudishwa kupasuliwa, na baada ya hapo ni Ndera. Nikaifunga simu kwenye leso ya mama yako nikaiweka ndani ya debe la unga. Tangu siku hiyo goti halikunjiki zaidi ya pale lilipofika, na usiku nikigeuka naamka.

Umetaka kujua, sasa umejua. Usimwambie baba yako, Jilo.

Shangazi yako


Nairobi,
30 Septemba 2024

Shangazi mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote. Nimekubali makosa. Nilipaswa kubisha hodi.

Baba sijamwambia. Ikhlas nimemsomea habari ya ukuta na ya uso unaocheka, basi. Yaliyobaki ni yako, nami nimeikunja barua nikaiweka.

Kuhusu kilicholia pajani, tafadhali usisubiri. Kuna kijana anaitwa Isaac, daktari wa mazoezi ya viungo anayetushauri sisi. Kwao ni Hola. Nilimweleza tu kwamba kuna mgonjwa wa chuma cha paja aliyesikia sauti, akasema mara nyingi huwa ni misuli au mshipa, lakini lazima mtu autazame mguu kwa macho na kwa mikono. Anakwenda nyumbani wiki ijayo na atapitia Garsen. Ukikubali aje, mtumie neno kwa namba niliyoandika nyuma ya bahasha. Usipokubali, hatakuja.

Ikhlas ulipomfikia ule mstari wa "kisimu hakikuketi" alifungua kompyuta akaanza kufuta. Tumeshinda tukibishana wiki nzima. Sasa Nyoosha inaanza kwa kusalimu, na jibu lako la salamu haliandikwi popote. Baadaye inauliza umelalaje. Kisha inauliza kama ulipogeuka mguu ulikuamsha. Ukisema ulikuamsha, zoezi linapunguzwa, haliongezwi. Na kuna kitufe kikubwa cha mtu aliyeingiwa na hofu: ukikibonyeza mazoezi yanasimama na unapigiwa simu na binadamu.

Inauliza pia una nini hapo ulipo: kiti, kreti, ndoo, au mkeka tu. Kiti kikikosekana haikutajii kiti. Msichana wa suruali tumemstaafisha. Ikhlas amemleta mama yake tumpige picha akiwa na leso na mtandio wake, ameketi juu ya kreti ya soda. Ilipofika zamu ya kulala chali alituambia, "Wanaume nje." Nikatoka nikasimama kwenye korido na mpiga picha, na Ikhlas akashika kamera mwenyewe. Picha zimetoka zikitetemeka kidogo, lakini ndizo tutakazotumia.

Haihitaji tena mtandao ikishaingia kwenye simu. Na haituletei habari yoyote mpaka mwenye simu aruhusu. Ukitaka tusione, hatutaona. Yule kijana wa duka la simu hapo stendi nimeongea naye, ataibadilisha.

Mkutano wa hospitali tumeuahirisha. Mkubwa wangu hakupendezwa. Hayo tuyaache.

Mwanao anayekuheshimu,
Jasper


Garsen,
24 Novemba 2024

Mwanangu Jasper,

Bwana asifiwe sana. Sisi ni wazima, na mvua za safari hii zimekuja kwa adabu. Ndama wa Dahabo amekuwa mkubwa na mtundu, amekula ukurasa mmoja wa kitabu changu cha nyimbo. Kanisa tumelisafisha, tumerudi ndani, na mahubiri yamerudi urefu wake.

Isaac alikuja. Ni kijana mpole, mikono yake ina joto. Alinipeleka Malindi nikapigwa picha, na muda wote wa safari mimi nilikuwa nasali kimoyomoyo. Tulipoletewa ile picha aliinyanyua kwenye mwanga akanionyesha.

"Chuma kiko pale pale, mama. Na mfupa unashikana vizuri."

"Na kile kilicholia?"

"Ni nyama ya paja iliyokaa bila kazi. Inalalamika ukiiamsha. Ungeendelea polepole ingenyamaza."

Nililia pale pale kwenye benchi. Miezi yote hiyo nilikuwa naogopa nyama yangu mwenyewe. Isaac akajifanya anasoma bango la ukutani mpaka nilipomaliza.

Basi tumeanza upya. Mama Ikhlas ni mwalimu mzuri. Anahema akiinua mguu, na mimi nahema naye. Dahabo ndiye anayeshika simu. Asubuhi nikiambiwa salamu najibu nzuri, kisha naulizwa usiku nasema ukweli. Mwanzoni nilisema uliniamsha, uliniamsha, na zoezi likabaki dogo. Sasa nalala. Goti linakunjika mpaka nakaa kwenye kreti kama mtu. Wanawake wawili wa mahema ya jirani, mmoja wa mgongo na mmoja wa bega, wamekuja kujifunza nikawafukuza, maana Isaac alisema mazoezi ya paja si ya bega. Mtengenezeeni wa bega yake.

Jambo moja: punguzeni hongera. Mtu akiinua mguu wake mwenyewe si harusi.

Na jambo lingine. Jilo nimemwambia mwenyewe. Nilimpigia simu, na kesho yake alasiri alikuwa mlangoni pa hema. Alitazama mkeka, akatazama kreti, akatazama magongo yangu. Nikamwambia, "Kaka, siendi Ndera." Akanywa chai. Halafu akauliza panga liko wapi, akatoka. Nikadhani amekasirika amekwenda zake. Alirudi na miti miwili ya mkoko aliyoipata kwa fundi wa boti, akachimba akaisimamisha nje ya hema, akafunga mti wa tatu juu yake kwa kamba, kimo cha kiuno changu. Akautikisa kwa nguvu zake zote. Haukutikisika.

"Haya," akasema. "Shika hapo."

Nikashika. Nikasimama. Yeye akageuka akawa anatazama mto. Jasper, baba yako ana miaka mingi sijamwona akitazama mto kwa muda mrefu hivyo.

Ruhusa ya kuona nimewapa, nimebonyeza mwenyewe. Mnaweza kuangalia.

Shangazi yako,
Loise


Nairobi,
15 Januari 2025

Shangazi mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Joy anakusalimu. Baba alipotoka kwako alinipigia simu, akaongea habari za bei ya mbegu, na mwisho kabisa akasema, "Shangazi yako anasimama." Kisha akakata.

Sasa naweza kukwambia nililolificha. Mwezi wa Oktoba, baada ya mkutano kuahirishwa, nilitolewa kwenye Nyoosha nikapewa kazi ya programu ya duka la viatu. Ikhlas alibaki peke yake. Mimi nilikuwa nikimsaidia jioni, kwa kuwa sikutaka irudishwe kwenye kiti na ukuta. Sikukuandikia kwa sababu ungejisumbua bure, ungefikiri ni kwa ajili yako.

Hospitali imeiona wiki jana. Ikhlas aliomba niwepo. Hatukuwaambia habari ya mtu yeyote, tuliwapa simu tu, tukaomba daktari mmoja aitumie akiwa ameketi kwenye ndoo. Alianza kwa kucheka. Alipomaliza akasema kwamba nusu ya wagonjwa wake hurudi na magoti yaliyokakamaa na humwambia kila kitu ni kizuri, na kwamba yeye huwa anawaamini. Wameichukua kuijaribu, kwa wagonjwa wachache kwanza. Mkubwa wangu amenirudisha. Ya bega tumeianza.

Hongera zimepunguzwa. Imebaki moja, mwisho wa mwezi. Ikhlas alikataa kuitoa.

Mwanao,
Jasper


Garsen,
9 Februari 2025

Mwanangu Jasper,

Salamu za upendo kwako na kwa Joy. Nimefurahi mpaka nikamsomea Dahabo barua mara mbili. Habari ya viatu ulifanya vibaya kunificha, lakini mimi si mtu wa kukulaumu kwa hilo.

Mimi nimehama hemani. Nimepanga chumba nyuma ya soko, kina ukuta pande zote. Hoteli nimeifungua wiki tatu zilizopita. Chapati nazisukuma nikiwa nimekaa kwenye stuli ndefu aliyonichongea Jilo, na nyama nasimama nikikoroga. Madereva wanaokwenda Lamu wamerudi. Mmoja aliniuliza nilikuwa wapi mwaka mzima, nikamwambia nilikuwa nikijifunza kutembea, akadhani namtania.

Sasa sikiliza habari ya jana. Maziwa ya hotelini kwa kawaida Dahabo huniletea mwenyewe. Jana yalikwisha mapema na chai ilikuwa inasubiriwa. Nikashika sufuria ndogo, nikachukua fimbo yangu, nikatoka. Sikumwambia mtu. Kutoka stendi mpaka wanapokaa wanawake wa maziwa ni mwendo wa mtu mwenye miguu mizima, na njia imechimbika. Nilipita pikipiki, nilipita mbuzi waliofungwa wakisubiri wanunuzi, nikasimama mara moja tu kupumua, nikijifanya naangalia vitenge.

Dahabo alikuwa ameinama akimimina, amezungukwa na vibuyu na mitungi, na watu wamejipanga. Nikajipanga nami. Ilipofika zamu yangu nikanyoosha sufuria. Hakuinua uso. Akaona sufuria, na mkono, na pindo la leso, kama ya mteja yeyote.

"Nusu au nzima?" akauliza.

"Nusu," nikasema.

Akanimiminia.

Wako akupendaye,
Shangazi Loise